Mtazamaji Namba Tatu

Siku aliyotoweka Shomari ilikuwa Jumanne. Kwa mujibu wa kumbukumbu za Serikali, kuanzia saa nane mchana siku hiyo hajakosa kipindi hata kimoja cha televisheni.

Naanza na kumbukumbu za Serikali kwa sababu ndizo zilizo kamili. Zetu sisi wa nyumbani ni fupi. Asubuhi ile mdogo wangu alimpigia mama simu kutoka chuoni, akamwuliza kama amesahau nyumbani kitabu chake cha hesabu za pembe. Mama akatafuta, akakiona juu ya kabati. Shomari akasema, "Kiache hapo hapo, mama, Ijumaa naja kukichukua." Alikuwa na miaka ishirini na miwili, mwaka wa pili katika chuo cha upimaji ardhi, mji wa tatu kutoka kwetu. Tangu siku hiyo zimepita Ijumaa thelathini na moja.

Nayaandika haya kwa mpangilio nisije nikasahau, maana katika nchi yetu mtu akitaka kusahau jambo husaidiwa na wengi.

*

Kwanza nieleze jinsi wanavyuo walivyoingia katika hesabu.

Kwetu, nyumba chache zilizochaguliwa zina kisanduku. Ni kidogo, kama kipande cha mche wa sabuni, na hukaa chini ya televisheni. Kina vitufe vyenye namba, kila mtu wa nyumba na namba yake. Ukikaa kutazama unabonyeza, taa yako ya kijani inawaka. Ukiinuka unabonyeza tena, inazimika. Kisanduku hupeleka habari hizo kwenye Mamlaka ya Hesabu ya Watazamaji, ili Serikali ijue wananchi wanapenda nini. Nyumbani kwetu mama ni namba moja, mimi namba mbili, Shomari namba tatu. Baba alifariki kabla kisanduku hakijaja, kwa hiyo hana namba.

Kila Alhamisi saa kumi alasiri Mlezi Mkuu wa nchi hulihutubia taifa katika kipindi kiitwacho Saa ya Mlezi, ambacho huchukua saa tatu. Mwaka alioingia Shomari chuoni, Mamlaka ilileta taarifa kwamba Saa ya Mlezi inatazamwa na watu watatu katika kila kumi. Mlezi Mkuu aliuliza swali moja tu: "Hao saba wako wapi?"

Waziri wa Hesabu hakuweza kusema kwamba hao saba wamezima televisheni, kwa kuwa hakuna mwananchi anayeweza kufanya jambo kama hilo. Alitafutatafuta katika karatasi zake, kisha akasema, "Wako vyuoni, Mheshimiwa. Na walio vyuoni hatuwahesabu."

Basi ikawa hivyo. Jioni ile tulitangaziwa kwamba saba katika kila kumi ya watu wetu, pamoja na vikongwe na watoto wa kunyonya, wanasoma vyuoni. Nchi jirani zikaleta salamu za pongezi kwa maendeleo ya elimu.

Baada ya wiki mbili ilipitishwa Sheria ya Kuwajumuisha Wanavyuo. Waziri alisimama bungeni akaeleza. "Waheshimiwa, familia ni meza! Ukichukua kiti kimoja ukakipeleka uani, je, kiti kile kimeacha kuwa kiti cha meza ile? Hapana! Kimekaa mbali tu! Mwanachuo ni mtazamaji wa nyumba yao popote alipo, na popote alipo atahesabiwa!" Wabunge walipiga makofi kwa dakika nne. Walioacha kupiga dakika ya tatu waliandikwa majina.

Ndipo yakaja masikio. Sikio ni kidude cha kijivu, ukubwa wa kifungo cha koti, ambacho mzazi alitakiwa kukishona kwenye ukosi wa shati la mwanawe. Kinasikia sauti ya televisheni yoyote iliyo karibu, kinajua ni kituo gani, na kisanduku cha nyumbani kinawasha taa. Shomari akitazama huko chuoni, namba tatu inawaka huku sebuleni. Karatasi ya maelekezo ilisema kwamba sikio halisikii kitu kingine chochote isipokuwa televisheni. Chini yake iliandikwa kwamba wenye masikio wanaombwa wasinong'one karibu nayo. Ilikuwa pia kosa la jinai kulifumua.

Mama alilishona kwenye shati jeupe la Shomari kwa uzi wa buluu, kwa kuwa mweupe ulikuwa umekwisha. Alipiga mshono wa msalaba, mara mbili mbili, kama anavyoshona kila kitu.

"Mama, unashona au unajenga?" Shomari akamtania.

"Kaa kimya. Likidondoka watasema umelitupa."

*

Mambo ya chuoni tuliyajua kwa Ombeni, aliyekuwa akilala chumba kimoja na Shomari. Alikuja Jumamosi, siku ya tano. Alisimama mlangoni akakitazama kisanduku, akakataa kuingia. Mama alikifunika kisanduku kwa kawa. Ombeni bado akakataa. Tukaenda uani, nikaanza kuosha masufuria kwa kuyagonganisha, naye akazungumza katikati ya kelele.

"Dada, sisi tulikuwa na zamu," akasema.

"Zamu ya nini?"

"Ya kutazama. Saa tatu kila Alhamisi, nani ataweza? Mtu ana mtihani, mwingine ana mchumba. Tukakubaliana bweni zima la watoto wa kaya za visanduku, watu arobaini na mmoja. Kila Alhamisi mmoja wetu anakusanya mashati yote ya masikio, anayapeleka ukumbini, anayavisha viti. Kila kiti na shati lake. Yeye anakaa nayo mpaka kipindi kiishe."

"Mashati yanatazama?"

"Yanatazama, dada. Tena kwa adabu kuliko sisi. Mkuu wa chuo alichungulia siku moja dirishani, akaona migongo imenyooka, akatusifu kwenye paredi."

Alhamisi iliyotangulia Jumanne ile, zamu ilikuwa ya Shomari. Alikaa mstari wa mbele amevaa shati lake, na nyuma yake mashati arobaini. Saa ya Mlezi siku hiyo ilihusu usikivu. Mlezi Mkuu alikuwa katika saa ya pili akieleza kwamba kiongozi bora ni yule anayesikiliza, na katikati ya neno hilo mzee mmoja aliyealikwa studio akanyoosha mkono. Mlezi Mkuu akasema, "Mtoeni huyo," akaendelea kueleza usikivu.

Shomari akacheka.

Ni yeye peke yake ukumbini. Alicheka kwa sekunde saba, kama alivyomsimulia Ombeni, halafu akajifunika mdomo. Lakini masikio arobaini na moja yalikuwa yamekwisha kusikia, na kila moja likapeleka habari zake.

Taarifa ya Mamlaka ilisema hivi, nami nainukuu kama Ombeni alivyosomewa: saa kumi na moja na dakika kumi na tisa, wanavyuo arobaini na mmoja wa kaya arobaini na moja, wakiwa mahali mbalimbali, walimcheka Mlezi Mkuu kwa wakati mmoja, kwa sauti ya namna moja, wakaanza pamoja na wakaacha pamoja. Taarifa ikamalizia kwamba jambo la namna hiyo haliwezekani bila mafunzo ya kijeshi.

Jumanne, saa sita mchana, yalifika magari mawili na pingu arobaini na moja.

"Wakatupanga mstari," Ombeni akasema. "Wakauliza nani kiongozi wa kicheko. Sisi kimya. Shomari akatoka mstarini. Akasema, 'Aliyecheka ni mimi.' Wakamwuliza, 'Na wale arobaini?' Akasema, 'Wale nao ni mimi.'"

"Wakamwamini?"

"Mkubwa wao alikasirika. Akasema amekuja na pingu arobaini na moja, na wote arobaini na mmoja wako ndani ya mtu mmoja! Akauliza afungwe vipi. Kisha akasema, 'Basi huyu atapata ya wote.' Wakamwingiza garini na shati lake lile lile."

Nilikuwa nimeacha kugonganisha masufuria. Ombeni akatazama ukuta wa jirani.

"Dada, sisi tulinyamaza," akasema. "Wote arobaini."

Mama alimpa chai. Hakuinywa.

*

Tatizo ni kwamba namba tatu ilikuwa inawaka.

Iliwaka tangu ile Jumanne saa nane mchana. Kila alfajiri kituo cha taifa kinapofunguliwa, taa ya Shomari inawaka. Kinapofungwa, inazimika. Mama akiwa na kikombe chake cha chai huitazama na kusema, "Namba tatu ameamka." Kisha hukaa chini, hubonyeza namba yake, na kutazama chochote kilichopo, ili watazame pamoja. Kwa namna hiyo mama yangu, ambaye hajawahi kupenda televisheni, alijifunza kilimo cha mkonge, matengenezo ya pampu, na hotuba zote za wakuu wa mikoa.

"Yu hai," aliniambia. "Mfu hawezi kutazama."

Lakini nilimjua Shomari. Hakuwa mtu wa kuamka alfajiri hata siku ya sikukuu. Alikuwa akishindwa kusubiri chai ipoe, anaongeza maji ya mtungi. Sasa mtu huyo akawa anatazama televisheni tangu inapofunguliwa hadi inapofungwa, hainuki kula, hainuki kwenda msalani, habadili kituo. Hata ulipokuwa unapigwa mpira wa fainali kwenye kituo kingine, yeye alitazama maonyesho ya mbolea. Nilianza kuishuku ile taa kama unavyomshuku mgeni anayekubali kila unalosema.

Nikaenda polisi kuandikisha kwamba ndugu yangu haonekani. Afande wa mezani alikuwa mpole.

"Ana namba ya utazamaji?"

"Namba tatu, afande, kaya ya kisanduku."

Akapiga simu, akasikiliza, akacheka kidogo, akaweka chini.

"Dada yangu, usijitese. Ndugu yako yupo. Sasa hivi anatazama kipindi cha ufugaji wa sungura."

"Anatazamia wapi?"

"Mbele ya televisheni."

"Televisheni iliyo wapi, afande?"

Akaifunga kalamu yake. "Sasa unaanza kuuliza ya watu wengine."

Nilipotoka, mtu aliyekuwa amekaa benchi akisubiri hati ya kupotelewa na kitambulisho alinyanyuka akanifuata mpaka kwenye duka la kona. Nilinunua chumvi. Yeye hakununua kitu.

*

Mwezi wa tano tangu atoweke ilikuja barua yenye muhuri wa dhahabu. Shomari ametokea kuwa mtazamaji wa kwanza nchini kwa uaminifu, na nyumba yetu imetangazwa Kaya ya Mfano. Mwakilishi wa familia afike mji mkuu, Alhamisi, saa tisa alasiri, katika Idara ya Watazamaji Wasiokuwepo, kupokea hati.

Mama alifua gauni langu la harusi za watu, akalipiga pasi. "Mwulize anakula nini," akaniambia.

Mkuu Msaidizi wa idara hiyo anaitwa Bwana Makwega. Ni mtu mnene, msafi, mwenye sauti ya kubembeleza. Ofisi yake ni chumba kirefu. Upande mmoja kuna televisheni kubwa imewashwa kituo cha taifa. Upande wa pili, ukutani, kuanzia dari hadi usawa wa kiuno, kuna misumari, na kwenye kila msumari limetundikwa sikio. Yote yameelekea kwenye televisheni.

"Hongera sana, bibie," akasema. "Kaya yenu ni fahari."

"Ahsante, bwana. Mwenyewe yuko wapi, nimpe hongera?"

"Mwenyewe nani?"

"Shomari."

"Ah. Bibie, idara hii inashughulika na utazamaji wake. Mwenyewe yuko idara nyingine."

"Naomba unielekeze mlango."

"Ile haina mlango."

Nikatazama ukutani. Yaliyo mengi yalikuwa matupu, yamefumuliwa. Machache yalikuwa na vipande vya nguo. Safu iliyo usawa wa kichwa changu, la tatu kutoka mwanzo, lilikuwa kwenye kipande cha ukosi mweupe uliokatwa kwa mkasi. Lilikuwa limeshonwa kwa uzi wa buluu, mshono wa msalaba, mara mbili mbili. Upande mmoja wa kitambaa ulikuwa umekauka kahawia, mgumu kama ngozi.

"Na haya, bwana?"

"Hawa ni wanavyuo wetu ambao hawatavaa shati tena," Bwana Makwega akasema, akapunguza sauti kwa heshima. "Kulikuwa na maoni kwamba tuwafute. Mimi nilikataa! Sheria inasema mwanachuo ni mtazamaji popote alipo. Haikuweka mpaka. Leo ninao mia moja na kumi na saba, na wote wanatazama. Asilimia mia, bibie. Walio hai hawajawahi kunipa asilimia hamsini."

Nikasema, "Naomba kile kipande cha ukosi. Ni mkono wa mama yangu."

"Haiwezekani."

"Bwana Makwega, tafadhali."

"Ukitoka nacho atakuwa hatazami. Nitaandika nini? Mtazamaji amepotea? Akipotea mtazamaji hutafutwa mlinzi wake." Akajigusa kifuani. "Na msumari mtupu ukutani haukai siku nyingi."

Alinipa hati. Imechapwa vizuri. Nilikuwa bado nimeishika saa kumi ilipogonga na wimbo wa Saa ya Mlezi ukaanza. Sheria inataka wimbo unapopigwa kila mtu asimame wima kuelekea televisheni, asigeuze shingo mpaka uishe. Una beti kumi na moja. Bwana Makwega alisimama, mikono mapajani, akaelekea televisheni, na ukuta ukawa mgongoni mwake. Mimi pia nilisimama. Sheria niliitii: shingo sikuigeuza. Nilirudi nyuma hatua nne, nikapandisha mkono nyuma ya kichwa, nikapapasa kutoka mwanzo wa safu. Moja. Mbili. La tatu lilikuwa na kitambaa.

Wimbo ulipoisha nilikuwa nimerudi mahali pangu, nimelifumbata kiganjani lisisikie. Bwana Makwega alikuwa na machozi.

"Kila mara unanigusa," akasema.

*

Mama alinipokea mlangoni. "Taa ilizimika jana saa kumi na dakika sita," akasema kabla sijavua viatu. "Haijawaka tena."

Nikaweka ukosi mkononi mwake. Akaupitisha kidole juu ya mshono, mbele na nyuma, kama anayekagua kazi ya mwanafunzi. Akafika kwenye upande ule mgumu.

"Ndiyo," akasema. "Ni mkono wangu."

Alikaa na ukosi ule mapajani siku nzima. Televisheni haikuwashwa, na hakuna aliyebonyeza kitu.

Asubuhi yake alijitanda kanga akaenda kwa Mjumbe Kaseja, anayesimamia mtaa wetu, kuomba kibali cha matanga. Kwetu watu zaidi ya watano hawaruhusiwi kukaa pamoja na huzuni bila karatasi yenye muhuri, na shehe haji mpaka aione. Mjumbe Kaseja na baba walikuwa marafiki. Alimkaribisha mama kiti, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Shemeji, roho inaniuma. Lakini huyu ni mtu wa Kaya ya Mfano. Nimesomewa barua yake mkutanoni. Nitaandikaje kwamba amekufa mtu ambaye Serikali inamwona anatazama?"

"Ninao ukosi wake."

"Usiniambie unao nini." Akasimama akafunga dirisha. "Niletee karatasi ya Serikali. Yoyote. Iseme tu aliko."

Tukamzika wenyewe, mama na mimi, asubuhi, tukiwa na jembe dogo na kikapu kama watu wanaokwenda kupalilia kaburi la baba. Tulichimba kando yake, safu ya tatu. Mama hakukubali tulifumue lile sikio. Alisema hawezi kuharibu mshono. Tulilizika pamoja na ukosi. Tulikuwa wawili, kwa hiyo hatukuvunja sheria.

*

Siku nne baadaye gari la Mamlaka lilisimama mlangoni. Alishuka Bwana Makwega mwenyewe. Hakuwa msafi kama siku ile. Alikaa ukingoni mwa kiti, akakitazama kisanduku, akamtazama mama, mimi akaniruka.

"Mama yangu," akaanza, "mtazamaji wenu namba tatu hasikii."

Nilijua anajua. Yeye naye alijua kwamba akisema sikio limeibwa ofisini kwake, atakuwa amesema kwamba lilikuwa ofisini kwake, na mwenye shati hayupo. Tulikaa wote watatu, kila mmoja akimsubiri mwenzake aseme neno litakalomfunga.

Mama akasema, "Amehama."

Bwana Makwega alishusha pumzi. Nilimwona. Alitoa fomu haraka, kama mtu aliyetupiwa kamba.

"Amehama! Mbona hamkutoa taarifa? Amehamia wapi?"

"Makaburini."

"Makaburini. Makaburi yapi?"

"Haya ya nyuma ya soko. Safu ya tatu, kando ya baba yake."

"Kando... ya... baba yake," akaandika. "Anakaa huko kwa muda au moja kwa moja?"

"Moja kwa moja."

"Kuna televisheni huko?"

"Hakuna."

"Umeme?"

"Hakuna, mwanangu."

Akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Unaona sasa? Ndiyo maana hasikii. Si kosa lake. Mtu mwaminifu kama yule, anapelekwa mahali hapana hata nguzo!" Akageuza karatasi. "Saini hapa, mama. Na hapa. Nitamletea nguzo."

Mlangoni aligeuka akanitazama kwa mara ya kwanza. "Bibie," akasema, "usirudi kupokea hati nyingine."

Baada ya siku tisa ilikuja karatasi. Nainakili yote, kwa kuwa ile ya asili mama halali nayo mbali:

Hati ya Uhamisho wa Mtazamaji. Jina: Shomari. Makazi ya zamani: bweni la chuo. Makazi ya sasa: makaburini, safu ya tatu. Muda wa makazi: wa kudumu. Maelekezo: mtazamaji apelekewe televisheni na umeme katika makazi yake mapya. Imethibitishwa na Serikali.

Mama hakumaliza chai. Alikwenda nayo kwa Mjumbe Kaseja, nami nikamfuata. Mjumbe alivaa miwani, akasoma mara ya kwanza kwa macho, mara ya pili kwa sauti.

"Huyu anaishi makaburini?"

"Ndiyo, shemeji."

"Wa kudumu?"

"Soma mwenyewe."

"Imethibitishwa na Serikali." Akavua kofia, akaiweka juu ya meza. "Shemeji, katika daftari langu mtu wa namna hii ana jina moja tu. Na si mimi niliyesema. Wamesema wao."

Akagonga muhuri. Akagonga tena, kwa kuwa wa kwanza ulitoka hafifu.

*

Nguzo imesimamishwa. Televisheni imefungwa juu yake, chini ya kibanda cha bati ili isilowe, na mafundi wa Mamlaka wameipandisha sauti kwa sababu sikio liko chini ya udongo. Wachimbaji wa makaburi wanalalamika kwamba hawasikizani. Namba tatu inawaka tena sebuleni kwetu, lakini mama ameirudishia kawa, na anapotaka kumwona Shomari anakwenda safu ya tatu, anaupa mgongo ule mtambo.

Matanga tuliyaanza Jumamosi. Shehe alikuja. Mikeka ilijaa hadi barabarani, na Mjumbe Kaseja alihesabu watu mpaka akaacha. Ombeni alikuja na wenzake wote wa bweni, wakachota maji na kupasua kuni. Jana alikuja mwanamke mmoja tusiyemjua, Bi Siwazuri wa Mtaa wa Reli. Binti yake alikuwa akisomea uuguzi, na taa yake inawaka nyumbani tangu mwaka juzi. Alikaa kando ya mama, akaomba aonyeshwe ile karatasi, akaisoma polepole, akauliza ni maneno gani hasa mama alimwambia yule bwana. Mama akamwambia.

Matanga yetu yanakwisha kesho. Ya Bi Siwazuri, ambaye leo asubuhi ameandikisha kwamba binti yake amehama, yanaanza Ijumaa ya wiki ijayo, na baada yake wameandikwa wengine kumi na wawili.